Tupeane uzoefu: chuoni ulisoma vipi hadi mambo yakaingia kichwani?

Yambo wapendwa. Mitihani inakaribia hapa Lubumbashi, na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wananiita yaya, yaani mkubwa wao, na kuniandikia kila siku: "Yaya, ninasoma usiku kucha na bado sishiki kitu." Naanza na yangu, kisha kila mmoja aweke ya kwake. Naomba tu mlete mlichofanya nyinyi wenyewe.

Mimi nilisoma uchumi. Mwaka wa kwanza, sesioni ya kwanza ya mitihani, nilianguka kozi tano. Na sikuwa nimecheza. Silabusi, yaani kitabu cha kozi, ya mikroekonomia nilikuwa nimeipitia mara sita, kalamu ya njano mkononi, hadi ikafika mahali mstari usiopakwa rangi ndio ulioonekana wa ajabu. Swali likaja: eleza elastisite ya mahitaji kwa mfano wako mwenyewe. Ukurasa mzima ukanijia machoni: upande wa kushoto, juu, chini ya mchoro. Mahali pa jibu nilipajua kabisa. Jibu ndilo sikuwa nalo.

Likizo ile nikawa nyumbani Katuba, nasomea sesioni ya pili karibu na mbabula, jiko la makaa, ya mama, ambaye anauza mikate. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho unachokirudia tangu asubuhi ni nini?" Nikamsomea kwa Kifaransa. Akasema, "Haya, sasa niambie kwa Kiswahili." Nikanyamaza. Mikate ikaiva, ikatolewa, mingine ikatiwa mafutani, mimi bado natafuta pa kuanzia. Mwishowe nikamuuliza yeye.

"Mama, bei ya unga ikipanda, watu wanaacha kununua?"

"Waache, jioni wale nini? Watapunguza samaki, lakini bukari itapikwa."

"Na wewe ukipandisha bei ya mikate?"

"Hapo wananipita. Wanakunywa chai tupu."

Basi elastisite ndiyo hiyo: bei ikibadilika, mahitaji yanatikisika kiasi gani. Mahitaji ya unga hayatikisiki sana bei ikipanda. Ya mikate yanatikisika mara moja. Sesioni ya pili nilipata 14 kwa 20 katika kozi hiyo, na kati ya zile tano nikabaki na moja tu.

Toka siku ile nafunga silabusi, namweleza mtu kwa Kiswahili, na nikikwama nafungua pale tu nilipokwama. Nikishaelewa ndipo naandika kwa Kifaransa, bila kutazama, maana mtihani ni wa Kifaransa. Wengi wetu tunakariri Kifaransa ambacho hatujakielewa, tukidhani tumesoma kozi.

Zamu yenu.

Binti wa udaktari, Kampemba

Yaya, nakubaliana nawe nusu. Kwetu hata mama akielewa mfupa unafanya kazi gani, bado profesa anataka jina lake, bila kukosea herufi. Mifupa minane ya kifundo cha mkono ilinitesa wiki mbili. Nikaichora kwa kalamu juu ya mkono wangu wa kushoto, safu mbili za nne nne: skafoidi, lunati, piramidali, pisiformi, chini yake trapezi, trapezoidi, kapitati, hamati. Asubuhi ndani ya basi nashusha mkono wa shati, nagusa kwa kidole juu ya kitambaa na kutaja. Nikimaliza ndipo napandisha nguo nihakikishe. Watu walikuwa wananitazama, sikujali. Kufika chuoni nimeshajiuliza mara tano.

Baadaye nikachukua katoni ya viatu, nikaigawa vyumba vitatu. Nakata vikaratasi: mbele swali, nyuma jibu. Chumba cha kwanza nakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu Jumapili baada ya ibada. Nikijibu sawa, karatasi inasogea mbele. Nikikosa inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Karatasi ya neva ya mediani, ile ya mkono, ilinirudia mara nne. Leo ukiniamsha usiku nitakutajia njia yake yote.

Mukubwa wa Poli (uhandisi)

Kwa wa hesabu ni fupi. Zoezi lililokwisha kufanywa linadanganya. Ukilisoma unaona kila mstari uko wazi, unafunga daftari ukijua umejua. Funika jibu kwa karatasi. Andika mstari wako, teremsha karatasi kidogo, linganisha, endelea. Na maswali ya miaka iliyopita usiyatunze kwa siku ya mwisho, anza nayo.

Kijana wa Kalubwe

Nitasema ukweli wangu. Mimi kukesha kulinisaidia. Kwetu umeme ulikuwa unarudi usiku wa manane. Nilikuwa nasoma hadi alfajiri, nanawa uso, naingia kwenye mtihani. Mwaka wa kwanza nilipita kozi zote hivyo.

Dada wa saikolojia

Kijana wa Kalubwe, kukesha kunaweza kukuvusha asubuhi moja, na kuna sababu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: mengi tunayasahau mapema sana baada ya kujifunza, kisha kasi inapungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanashinda yale yaliyorundikwa siku moja.

Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakaviweka kando na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Ukimaliza kusoma tena unajisikia vizuri, na hisia hiyo ndiyo inayotupoteza. Swali langu kwako, kaka: kozi zile za mwaka wa kwanza, leo zimebaki ngapi?

Kijana wa Kalubwe

Dada, umenigusa penyewe. Mwaka wa pili takwimu zilijengwa juu ya zile za mwaka wa kwanza, na nilianza upya kama mtu ambaye hakuzisoma kamwe. Lakini niambieni, umeme ukija usiku tu, mtu afanyeje?

Dada wa saikolojia

Mchana, jua lingali lipo, andika maswali kwenye daftari kwa mkono. Hilo halihitaji umeme. Umeme ukija, chaji taa na simu, ulale. Alfajiri jibu maswali uliyoyaandika jana. Usingizi usiukate, kwani hata huko kichwa kinapanga ulichojifunza.

Mama wa Ruashi

Nyinyi mnazungumza saa, mimi sina saa. Nina watoto wawili na meza ya biashara sokoni. Ninachopata ni dakika ishirini huku, kumi kule, basi maswali yangu naandika kwenye daftari dogo linaloingia mfukoni mwa aproni. Jioni binti yangu wa miaka tisa ndiye mwalimu. Kifaransa cha kozi hakielewi, anasoma swali silabi kwa silabi, kisha ananikazia macho. Nikianza kuzunguka maneno anasema, "Mama, hujui. Naweka alama." Na anaweka kweli, kimsalaba chekundu. Kesho yake vimsalaba ndivyo ninavyoanza navyo.

Mwanasheria mtarajiwa

Niongeze kuhusu kundi. Tulianza wanne, kazi ikaenda. Tukawa tisa, ikawa mahali pa kusimulia mpira. Tukarudi wanne na sharti moja: huingii bila kesi uliyoitunga mwenyewe. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, kinachosema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake amlipe, tulikuwa tunakiimba neno kwa neno bila kukielewa. Siku moja mwenzetu akaja na pikipiki iliyokwepa shimo na kuvunja meza ya mama wa nyanya. Kosa liko wapi? Hasara ni ipi? Je, kosa ndilo lililoleta hasara, au ni shimo? Tulibishana saa mbili kwa Kiswahili. Kisha kila mmoja akaandika jibu lake kwa Kifaransa, tukabadilishana makaratasi na kusahihishana bila kuoneana huruma. Maandishi ya mwenzako ndiyo yanakuonyesha ulichoruka.

Mdogo wa mwaka wa kwanza

Wakubwa wangu, aksanti. Nina wiki tatu na kozi tisa. Nianze wapi?

Jibu langu kwa mdogo

Mdogo wangu, usianze kwa kusoma. Leo jioni chukua kozi moja unayodhani unaijua, tazama vichwa vya sura tu, tunga maswali kumi. Weka silabusi chumba kingine. Jibu kwa kalamu, Kiswahili kikikutangulia usikizuie. Kesho kozi nyingine, na kila siku ya tatu rudi kwa yale uliyoyakosa. Kozi zilizokukosesha zaidi ndizo uzipe asubuhi, wakati kichwa ni kipya. Kisha utuambie.

Mdogo wa mwaka wa kwanza

Nimerudi, yaya. Nilichagua takwimu. Kati ya maswali kumi nimejibu matatu. Jana ningeulizwa, ningesema kozi hiyo nimeimaliza. Nimeshamwomba kaka yangu wa secondaire akae nami kesho saa kumi na moja alfajiri. Nitamweleza wastani na mediani, yaani namba ya katikati, kwa mishahara ya watu wa avenue yetu, mmoja wao akiwa na duka kubwa.