MJADALA: Vitabu vya vita vya Zama za Kati vinatupotosha kuhusu upinde wa Agincourt?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja ichambuliwe bila huruma. Katika vitabu vingi vya historia vinavyoandikiwa wasomaji wa kawaida, sura ya Agincourt, vita vya Waingereza na Wafaransa kaskazini mwa Ufaransa, husimuliwa karibu kwa maneno yale yale. Tarehe 25 Oktoba 1415, Waingereza wasiofika 6,000 chini ya mfalme wao Henry wa Tano, wenye njaa na kuhara damu, waliwakabili Wafaransa makumi ya maelfu. Wapiga mishale 5,000 wakafyatua mishale 12 kwa dakika kila mmoja, mishale ikatoboa deraya (mavazi ya chuma ya vitani), vita vikaisha. Msimamo wangu: simulizi hilo ni bovu, na ubovu wake unaonekana kwa hesabu ya darasa la nne.

Fungu moja la mishale lilikuwa na mishale 24. Anayefyatua 12 kwa dakika analimaliza kwa dakika mbili. Mpe mafungu mawili, dakika nne. Sasa mtazame Mfaransa anayetembea kwa miguu na deraya mwilini, kwenye shamba lililolimwa karibuni na kunyeshewa usiku kucha, mita mia kadhaa. Akifika, podo (mifuko ya mishale) zimeshakauka. Mwandishi anayezidisha 5,000 kwa 12 na kuchapa mishale 60,000 kwa dakika alipaswa kujiuliza mishale hiyo ilitoka wapi kuanzia dakika ya tano.

Halafu kuna upinde wenyewe. Tunaoujua kwa kuushika mkononi umetoka kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982: pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Uzito wa kuzivuta unakadiriwa kati ya ratili 100 na 185, yaani kilo 45 hadi 84. Kuvuta kilo 70 kila sekunde tano, mfululizo, mabega hayakubali. Mpigaji hodari angekwenda kasi hiyo kwa muda mfupi, kisha apunguze. Na tukumbuke meli hiyo ilizama miaka 130 baada ya Agincourt. Vitabu vingi huzichukua pinde zake na kuwapa watu wa 1415 bila neno la tahadhari.

Mchangiaji wa kwanza

Niongezee kwenye deraya, maana hapo ndipo uongo ulipokolea. Mwaka 2019 yalifanyika majaribio mazuri: upinde wa ratili 160, umbali wa mita 25, bamba la kifua lililofuliwa kwa mfano wa mwanzo wa karne ya 15. Mishale haikulitoboa. Ilivunjika au kuteleza, na vipande vyake vikaruka juu kuelekea shingoni. Ukiona bamba la zama hizo lina ukingo wa umbo la V chini ya shingo, kazi yake ni hiyo, kuvizuia vipande visipande kooni.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema upinde ulikuwa bure. Bamba lilikuwa nene katikati ya kifua, likawa jembamba ubavuni, mikononi na miguuni. Kwapani na kinenani kulikuwa na nyavu za pete za chuma tu. Kwenye chepeo, kofia ya chuma, kuna matundu ya macho na ya pumzi. Wala si kila aliyekuwa uwanjani alikuwa na pesa za kununua chuma kilichokazwa vizuri. Wengi walivaa chuma laini chenye takataka za tanuru ndani yake. Na farasi alikuwa wazi zaidi kuliko bwana wake. Kwenye vita vya Poitiers, 1356, Waingereza na Wafaransa tena, mwandishi wa zama hizo Geoffrey le Baker anaeleza mishale ikivunjika kwenye deraya za mbele za farasi, mpaka wapiga mishale walipohamishiwa pembeni wakawapiga makalio. Upinde ule ule, saa ile ile. Kilichobadilika ni pembe.

Mchangiaji wa pili

Mkuu mleta mada, kwenye kasi ya mishale nakuunga mkono. Kwenye hitimisho naomba kutofautiana. Swali la "ilitoboa au haikutoboa" ndilo linalotupoteza, na hapo hata wapinga vitabu mmenasa.

Tazameni mfuatano wenyewe. Henry alisubiri kwa saa kadhaa, Wafaransa hawakuja. Akasogeza jeshi mpaka mishale ifike, wapiga mishale wakachomeka upya vigingi vyao vya kuzuia farasi, kila kimoja futi sita, kimechongwa ncha zote mbili. Wakaanza kufyatua. Wapanda farasi wa Kifaransa wakashambulia pembeni, wachache kuliko waliopangwa, wakakuta vigingi. Farasi waliojeruhiwa wakageuka na kuwakanyaga watu wao waliokuwa wakija kwa miguu. Hawa wa miguu waliinamisha vichwa na kushusha vifuniko vya uso kwa ajili ya mishale. Ukishafunika uso huoni, na hewa ni haba. Pia walijikusanya kuelekea katikati, kuikimbia mishale ya pembeni, huku misitu ya Agincourt na Tramecourt imewabana kulia na kushoto. Waliokuwa nyuma waliendelea kusukuma. Wa mbele wakakosa hata nafasi ya kunyanyua silaha, aliyeanguka akaangukiwa. Mwishowe wapiga mishale waliweka pinde chini, wakaingia na mashoka, nyundo na panga.

Mshale ulifanya kazi kubwa bila kutoboa bamba hata moja. Kitabu kikiandika "upinde ulishinda" hakijakosea sana. Kosa lake ni kuonyesha mshale kifuani mahali ambapo palikuwa na tope na msongamano.

Kuhusu tope, msirudie ile hadithi ya mtu kupandishwa kwenye farasi kwa winchi. Deraya kamili ilikuwa kilo 20 hadi 25, imegawanywa mwili mzima. Boucicaut, jemadari wa Kifaransa aliyetekwa siku hiyo hiyo, anasifiwa katika wasifu wa zama zake kwa kupiga pindu akiwa ndani ya deraya, amevua chepeo tu. Ila utafiti uliochapishwa 2011, wa kutembeza watu wenye deraya kwenye mashine, ulikuta nguvu wanayotumia inazidi mara mbili. Sababu moja ni chuma cha miguuni: kila hatua unainua kilo za ziada. Weka hilo juu ya udongo unaonata.

Mchangiaji wa tatu

Mbona hakuna aliyegusa idadi? Mwanahistoria Anne Curry alipekua hati za mishahara akafika kwenye Waingereza takriban 9,000 dhidi ya Wafaransa takriban 12,000. Padri aliyekuwa kwenye msafara wa Henry aliandika wapiga mishale 5,000, askari wa deraya 900, na Wafaransa 60,000. Uwiano wa kwanza ni kama mmoja kwa mmoja na theluthi. Wa pili ni mmoja kwa kumi. Hivyo ni vita viwili tofauti kabisa! Waandishi wengi huchukua kile kinachopendeza zaidi bila kumwambia msomaji kwamba kuna ugomvi.

Hati za Kiingereza zinawezekana kuhesabiwa kwa sababu jeshi hilo lilikuwa la mkataba: mpiga mishale peni 6 kwa siku, askari wa deraya peni 12, na majina yao yakaandikwa. Kwa hiyo picha ya mkulima aliyeburutwa vitani na kabaila wake haiwahusu hawa. Lililonisikitisha zaidi katika vitabu hivi ni hilo, kuliko mishale: neno "ukabaila", yaani mfumo wa mabwana wenye ardhi na watu walio chini yao, hutumika kueleza kila kitu, kutoka 900 hadi 1500, kama vile miaka 600 haikubadilisha chochote.

Mchangiaji wa pili

Kwenye 12,000 usitulie sana, mkuu. Hati ya mshahara inamhesabu anayelipwa. Upande wa Ufaransa hati zilizosalia zina mapengo, wapo mabwana waliofika dakika za mwisho, na kila mmoja alikuja na watumishi, baadhi yao wenye silaha. Ukiwahesabu, idadi inapanda, ukiwaacha, inashuka. Kitabu chema kingesema kimemhesabu nani.

Mleta mada

Nimekubali kuhusu vichwa vilivyoinamishwa. Nilikuwa nimekazana na kutoboa. Ila sijaacha lawama yangu. Tazameni vita viwili vya baadaye kati ya pande hizo hizo. Verneuil, 17 Agosti 1424: ardhi ilikauka kwa jua, vigingi havikuingia vizuri, wapanda farasi wa Lombardia, Italia, waliokuwa upande wa Ufaransa, wenye deraya nzito, wakapasua safu ya wapiga mishale. Waingereza walishinda siku ile, lakini kwa watu wa miguu na mapambano ya ana kwa ana. Patay, 18 Juni 1429, wapiga mishale wa Kiingereza walivamiwa kabla hawajamaliza kuchomeka vigingi, wakachinjwa. Watu wale wale, silaha ile ile, miaka 14 tu baada ya Agincourt. Nitajieni basi kitabu cha wasomaji wa kawaida kinachoipa Patay kurasa nyingi kama kinavyoipa Agincourt, nami nitaifuta mada hii.