Mwanafunzi anayeweza swali alilolizoea tu: tumfundisheje kufikiri?

Mwalimu wa Ngamiani, Tanga

Ndugu walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha Hisabati katika shule ya msingi hapa Tanga mjini, na kuna jambo linalonisumbua ambalo naomba tulijadili kwa kina. Wanafunzi wangu wakipewa swali linalofanana na mfano nilioufanya ubaoni, wengi hulifanya vizuri na kwa haraka. Lakini swali hilo hilo likigeuzwa kidogo tu, kalamu zinasimama, na darasa zima linataka kujua watumie kanuni ipi. Mtaala unatutaka tujenge umahiri, ikiwemo fikra tunduizi, ubunifu na utatuzi wa matatizo, na maneno hayo tunayaandika kwenye maandalio ya masomo kila wiki. Je, uwezo huu unafundishika kweli, au ni kipaji ambacho mtoto huzaliwa nacho? Na kama unafundishika, mwalimu mwenye watoto zaidi ya sabini katika kipindi cha dakika 40 aanzie wapi?

Mkufunzi mstaafu, Korogwe

Mwalimu, unafundishika, na hali unayoieleza iliwahi kuchunguzwa kwa makini sana. Max Wertheimer, mwanasaikolojia aliyezaliwa Prague mwaka 1880 na kuhamia Marekani mwaka 1933, aliandika kitabu kizima kuhusu fikra zalishi, yaani kufikiri kunakozaa njia mpya badala ya kurudia iliyozoeleka, kikachapishwa mwaka 1945, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Anaeleza humo jinsi alivyotembelea darasa lililokuwa likijifunza eneo la msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazokabiliana ziko sambamba. Mwalimu alikuwa amewaonyesha watoto namna ya kushusha mistari wima kutoka pembe za juu, kurefusha kitako, na hatimaye kuthibitisha kwamba eneo ni kitako mara kimo. Watoto walifanya mazoezi yao wakapata. Mgeni akaomba ruhusa, akachora msambamba ule ule ukiwa umegeuzwa. Baadhi ya watoto walisema hilo bado hawajafundishwa. Wengine walishusha mistari kama walivyoelekezwa, ikaangukia mahali ambapo haikuwasaidia kitu, wakakwama hapo.

Sasa linganisha na mtoto mwingine anayemtaja, wa umri wa miaka mitano na nusu, ambaye hakuwa na kanuni ya msambamba kichwani. Alipoutazama msambamba aliona kwamba upande mmoja umezidi na upande wa pili umepungukiwa, akaomba mkasi, akakata kile kipande kilichozidi na kukipachika kule kulikopungua, na umbo likawa mstatili. Mtoto huyo alikuwa ameona *kwa nini* kimo kinahusika, jambo ambalo wale wenye kanuni hawakuliona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba tatizo litangulie kanuni. Wape watoto karatasi zilizotumika, wachore msambamba kwa rula, wakate, wahamishe vipande, na usiandike kanuni ubaoni mpaka wao wenyewe waweze kukwambia ni nini kilichohama na ni nini ambacho hakikubadilika. Kisha waulize watafanyaje umbo likisimama kwa upande wake mfupi. Utatumia vipindi viwili pale ulipozoea kutumia kimoja, na ninajua jinsi mihtasari inavyotubana, lakini vipindi hivyo utavirudishia mbele ya safari, kwa kuwa eneo la pembetatu na la trapeza hutahitaji kulianza upya.

Mwalimu wa Sayansi, Pangani

Shikamoo Mkufunzi. Ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila naomba tusimfanye mtoto anayekariri kuwa adui wa fikra. Asiyejua jedwali la kuzidisha atamaliza nguvu zake zote kwenye hesabu ndogo, na hatabaki na nafasi ya kuona muundo wa tatizo. Kinachodhuru ni pale njia moja inapozoeleka mpaka mtoto haangalii tena kilicho mbele yake. Abraham Luchins alilionyesha hili mwaka 1942 kwa maswali ya vyombo vya maji, na mimi hulitumia darasani kwa kuandika ujazo wa vyombo ubaoni.

Vyombo vitatu vina ujazo wa 21, 127 na 3; kwa kutumia vyombo hivyo tu, pima maji ya ujazo wa 100. Jibu ni kujaza kile cha 127, kumimina kutoka humo kwenye cha 21 mara moja na kwenye cha 3 mara mbili. Wape maswali kadhaa ya namna hiyo hiyo, kisha uwape vyombo vya 23, 49 na 3, wapime 20. Wengi watajaza cha 49, watoe 23, watoe 3 mara mbili. Wachache sana wataona kwamba 23 kutoa 3 ni 20. Unapowaonyesha njia hiyo fupi, subiri kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoanza kuuliza maswali ambayo kwa kawaida hawaulizi. Luchins aliona pia kwamba kuwaandikia watu onyo fupi la kuwataka wasiende kwa upofu kuliwasaidia baadhi yao kuiona njia rahisi. Ni jambo dogo ambalo halihitaji vifaa wala fedha.

Mwalimu wa Ngamiani, Tanga

Nawashukuru sana. Nina swali moja la nyongeza. Katika semina tunahimizwa kutumia bungua bongo kwa vikundi, yaani watoto watoe mawazo mengi pamoja bila kukosoana kwanza, lakini darasani kwangu katika kila kikundi wanazungumza wawili na wengine wanangoja. Je, kasoro iko kwenye usimamizi wangu au kwenye mbinu yenyewe?

Mkufunzi mstaafu, Korogwe

Marahaba, mwalimu wa Pangani, na hoja yako ya jedwali naipokea bila kupunguza.

Mwalimu wa Ngamiani, mbinu yenyewe ina udhaifu huo. Aliyeieneza ni Alex Osborn, Mmarekani aliyekuwa katika biashara ya matangazo, na sharti lake la kutokosoa mawazo mapema ni zuri, nami ninalitetea. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipoipima mwaka 1958, waligundua kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa pamoja, walitoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa kikundi kimoja. Katika kikundi mtu husubiri zamu, na akisubiri husahau au huona haya. Basi waache watoto dakika tano za kimya, kila mmoja aandike au achore njia yake hata kama haijakamilika, ndipo wakutane wanne wanne na kila mmoja asome alichoandika kabla ya mjadala kuanza.

Na katika majaribio ya kila mwezi tenga swali moja ambalo hujawahi kufanya mfano wake, utoe alama kwa njia aliyoijaribu mtoto, pamoja na jibu. Wakijua kwamba njia ina alama, hawatayaacha madaftari meupe.