Mama kavunjika nyonga: skrubu, nusu au nyonga nzima?

Mwanambezi: Wakuu, mama (miaka 74) kateleza bafuni. Eksirei inaonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika na kuhama. Alikuwa anakwenda sokoni mwenyewe. Daktari katupa njia tatu: kufunga skrubu, kubadilisha kichwa cha mfupa tu, au kubadilisha nyonga nzima. Mjomba anasema avutwe mguu kwa mawe, utaunga. Mliopitia, semeni.

Mnyooshaviungo: Pole sana. Mjomba apewe heshima yake, ila hilo la mawe hapana. Mzee akilala wiki nyingi anapata vidonda vya mgongoni, damu inaganda miguuni, nimonia inaingia. Hayo ndiyo yanayoondoka na wazee. Skrubu nazo ningeziacha: damu ya kichwa cha mfupa inapitia hapohapo shingoni, mfupa ukihama mishipa inakatika, kichwa kinaweza kufa ukarudi tena tieta. Hizo wape vijana, au mfupa usiohama.

BintiTanga: Bibi yangu aliwekewa nusu, yaani kichwa cha mfupa tu. Operesheni fupi, gharama nafuu, na haichomoki ovyo. Lakini yeye alishakuwa mtu wa mkongojo na kukaa barazani. Anayetembea sana, chuma kinakuja kusaga kikombe cha nyonga, lile shimo ambamo kichwa kinazunguka.

Mnyooshaviungo: Ndiyo maana kwa mama wa sokoni naegemea nzima, kama moyo na presha vinaruhusu. Msicheleweshe, siku mbili za mwanzo zina maana kubwa.

Kijana_Selimundu: Mimi sikuanguka, selimundu (ule ugonjwa wa damu wa kurithi) ndiyo iliua kichwa cha mfupa wa paja la kushoto. Kutoboa mfupa kupunguza shinikizo kunasaidia kabla hakijabonyea. Changu kilishabonyea, nikawekewa nzima. Rejista za nje, zinazofuatilia waliobadilishwa nyonga, zinaonyesha takriban nyonga bandia 6 kati ya 10 zinafika miaka 25. Kwa umri wangu hiyo ni hesabu ya kuniumiza kichwa, kwa mama si tatizo.

Mwanambezi: Na saruji ya kushikiza chuma kwenye mfupa? Daktari kaitaja.

Mnyooshaviungo: Kwa mfupa laini wa uzeeni, ndiyo, inashika vizuri na paja halipasuki kirahisi. Halafu andaeni nyumba: choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha juu, kigoda cha jikoni kiondoke, aswali kwenye kiti. Nzima huchomoka mtu akikunja nyonga kupita kiasi, hasa miezi ya mwanzo.

Mwanambezi: Asanteni. Tumekubaliana nzima, kwa saruji. Kilichobaki ni damu, na mjomba kawatuma wanawe wote wawili wakachangie.