Viuadudu vya kemikali vipigwe marufuku kwenye mboga, tutumie fangasi?

Mleta mada: Nasema vipigwe marufuku. Fangasi za Beauveria na Metarhizium zinaua nzi weupe, vidukari na vithiripi. Spora, yaani chembe ya uzazi ya fangasi, inanata kwenye gamba la mdudu, inachipua, inatoa vimeng'enya vya kuyeyusha gamba hilo, kisha inaingia ndani. Wasioona matokeo ni wavivu wa kunyunyiza.

Jicho la Mazao: Neno "wavivu" lifute. Fangasi inaua baada ya siku 4 hadi 10, na siku zote hizo kiwavi mkubwa anaendelea kutafuna. Huo ni uvivu wa nani?

Kijani Kibichi: Basi tuuziwe vimeng'enya vyenyewe, spora za nini? Kaitinesi, kimeng'enya kinachovunja kaitini (kitu kigumu cha gamba), ndiyo inayotoboa gamba.

Fundi wa Maabara: Hapana mkuu. Juu kabisa kuna nta, na kaitini yenyewe imezingirwa na protini. Kwa hiyo vimeng'enya vinavyovunja protini, hasa kile kiitwacho Pr1, hutangulia. Kaitinesi huja nyuma. Tena ncha ya uzi wa fangasi huvimba, ikang'ang'ania gamba na kusukuma kwa nguvu. Vimeng'enya hufungua mlango tu. Kinachomaliza mdudu ni fangasi kuzaliana ndani ya mwili wake, na hapo lazima iwe hai.

Jicho la Mazao: Nangoja jibu la "wavivu".

Mleta mada: Unanyunyiza saa ngapi? Ukipiga saa 4 asubuhi, mionzi ya jua inaua spora kabla hazijachipua. Piga saa 12 jioni, chini ya majani wanakojificha nzi weupe, ili zipate unyevu wa usiku kucha.

Jicho la Mazao: Napiga jioni! Usinifundishe saa.

Bibi Bustani: Wanangu, bomba lilikuwa na nini jana yake? Mabaki ya mancozeb, dawa ya kuua ukungu, yanaua spora. Na msimwage unga wa spora moja kwa moja kwenye maji, unaelea mabonge na kuziba nozeli. Ukande kwanza kwa maji kidogo yenye matone ya sabuni laini hadi uwe uji, ndipo uongeze maji. Lengo ni spora milioni 10 hadi 100 kwa mililita.

Fundi wa Maabara: Na mpime uhai. Pandeni spora kwenye agari (jeli ya kuoteshea vimelea), nyuzi 25, kwa saa 24, mhesabu spora 300 kwa hadubini. Iliyochipua ni ile yenye mrija uliozidi upana wa spora. Zikichipua nusu, basi unapiga nusu tu ya dozi iliyo kwenye lebo.

Kijani Kibichi: Angalau fangasi ni ya asili, haina madhara.

Bibi Bustani: Hapo sikubali, mwanangu. Beauveria ndiyo aliyoionyesha Agostino Bassi, mtafiti wa Italia, mwaka 1835 kuwa inaua viwavi wa hariri. Anayefuga hao akae nayo mbali.

Jicho la Mazao: Basi kabla ya marufuku, muuzaji alazimishwe kuandika asilimia ya spora hai na siku ilipopimwa. Unga uliokaa kwenye joto umekufa, halafu mkulima ndiye anaitwa mvivu.

Mleta mada: Kwa lebo nakuunga mkono. Neno lile nimelifuta.