Wakuu, kula vizuri ni gharama au mimi ndio sijui kununua? Laki tatu inaisha tarehe 15

Mama Chamazi:
Habari zenu wanajamvi, poleni na majukumu. Naombeni ushauri ila msinicheke, shemeji yangu ameshanicheka inatosha.

Niko Chamazi, ndani tupo watano, mimi, baba watoto, watoto wawili na mdogo wangu anayesoma. Mimi nauza duka la vitambaa la mtu Kariakoo, natoka saa kumi na mbili jioni, foleni ya Mbagala mnaijua, nafika nyumbani saa mbili usiku nimechoka hata viatu kuvua sitaki. Mwezi uliopita mume wangu kaenda kupima kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi, wakakuta presha 160 kwa 100. Daktari akamwambia apunguze chumvi, soda na vyakula vya paketi, ale mboga, matunda, samaki. Kuongea rahisi jamani.

Ukweli wetu ni huu. Asubuhi chai ya rangi na maandazi ya jirani. Usiku mara nyingi tambi za paketi, au sembe na soseji, au namtuma mdogo wangu chips mayai pale kwa kijana. Sio kwamba hatujui mboga, ni kwamba saa mbili usiku nianze kuchambua mchicha saa ngapi nile??

Basi mshahara ulivyoingia nikasema tubadilike, nikaingia supamaketi moja mjini. Brokoli, mkate wa brauni, shayiri ya boksi, matufaha, mtindi wa ladha, siagi ya karanga, minofu ya samaki. 86,000. Siku ya nne vyote vimeisha na watoto wanauliza tunakula nini. Bajeti yangu ya chakula ni laki tatu kwa mwezi, yaani elfu kumi kwa siku. Mwezi huu tarehe 15 nimeanza kukopa dukani.

Sasa naomba kujua, hivi kula vizuri ni kwa wenye hela tu?

Mzee wa Stereo:
Dada pole. Ila nani alikuambia brokoli ndio afya? Tufaha moja linalotoka Afrika Kusini kwa meli unanunua elfu moja, mimi hapa sokoni Temeke Stereo elfu moja nakupa ndizi mbivu watoto wale mpaka waseme basi. Wewe haukununua chakula cha afya, umenunua chakula cha kwenye picha.

Bonge la Bwana:
Mwanamke kazi yake kupika, hayo mengine visingizio tu. Mama zetu walikuwa wanatoka shamba na wanapika

Dada wa Buguruni:
Bonge mama yako alikuwa anakaa kwenye foleni ya Kilwa Road masaa mawili? Na huyo mdogo mtu na baba watoto mikono wanayo. Pita kimya kimya.

Mzee wa Stereo:
Tuendelee na mada. Elfu kumi yako naigawa hivi kwa bei za huku kwetu: dona kilo moja 2,000, choroko nusu kilo 1,500, mchicha au matembele mafungu mawili 1,000, nyanya na vitunguu 1,000, nazi 1,000, viazi vitamu fungu la chai ya asubuhi 2,000, matunda ya msimu 1,500. Elfu kumi kamili na watu watano wameshiba. Siku nyingine toa choroko weka dagaa. Chips mayai za watu watano peke yake ni shilingi ngapi hapo kwa kijana wako?

Mama Chamazi:
Chips mayai 3,000 kwa sahani, tunanunua sahani tatu tunagawana. Aisee sijawahi kuweka hesabu hivyo, elfu tisa kwa mlo mmoja wa usiku 🙈

Mpishi Mkali:
Samahani mzee wangu nakuheshimu ila hesabu yako ina tundu. Mkaa uko wapi? Mafuta yako wapi? Maji? Watu mnapenda kusema maharage ni rahisi, maharage yanakaa jikoni masaa mawili, ukipikia mkaa unaona kopo linaisha hivi hivi, ukipikia gesi mtungi wa kilo sita unaanza kuutikisa wiki ya pili. Tambi za paketi zinachemka dakika tatu. Hapo ndipo maskini anaponaswa, bei ya kwenye rafu ndogo, moto mdogo, muda mdogo. Sisemi ni nzuri, nasema tusimuone dada mjinga, alikuwa anapiga hesabu sahihi kwa mtu aliyechoka.

Mzee wa Stereo:
Hapo umenipata. Moto niliusahau, mimi kwangu anapika mama.

Dada wa Buguruni:
😂😂 tulijua

Mpishi kaongea point lakini moto unabanwa. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, asubuhi au jioni yake yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Mimi Jumapili nachemsha kilo mbili kwa mkupuo, bila chumvi bila kitu, nagawa kwenye makopo ya siagi nagandisha sehemu ya juu ya friji, jioni ni kuunga tu na kitunguu na nyanya dakika kumi. Kama friji hakuna achana na maharage katikati ya wiki, nenda na choroko, dengu zilizokobolewa, dagaa, hivi haviozi kabatini na haviombi moto mwingi. Na sufuria ya presha kama mna kikoba jichangisheni, kwangu imelipa hela yake ndani ya miezi michache.

Mama Chamazi:
Friji ninayo ndogo, ila luku ndugu zangu, tunaizima mchana.

Dada wa Buguruni:
Basi usigandishe nyama wala maharage, ukizima na kuwasha utaumwa tumbo. Kaa na vikavu.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu habari. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na wagonjwa wa presha nimewaona wengi kwa hiyo nisikilize hapa. Cha kwanza kwa mzee wako sio kununua kitu kipya, ni kuacha kununua baadhi ya vitu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, hiyo ni kijiko cha chai kimoja kisichojaa sana na hapo wamehesabu chumvi yote, ya kwenye mkate, ya kwenye soseji, ya mezani. Kile kipakiti cha kiungo ndani ya tambi ni chumvi tupu yenye rangi. Tukubaliane kwamba mtoto hawezi kuacha tambi kesho, basi pika tambi weka nusu ya kiungo, tia karoti, hoho, yai. Na vile vidonge vya mchuzi watu wanatia viwili kwenye sufuria halafu wanaongeza chumvi juu, loh.

Soda pia. Soda za kola zina sukari kama gramu 10 na nusu kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya 350 ni karibu gramu 37, vijiko vya chai tisa hivi. Geuza chupa usome mwenyewe. Kama mzee anakunywa moja kila siku hiyo hela yake ya mwezi inanunua matunda ya nyumba nzima.

Na dawa kama ameandikiwa asiache eti kwa sababu sasa anakula mchicha. Hilo nalisisitiza.

Mama Chamazi:
Asante sana mama, shikamoo. Anakunywa moja, Jumapili mbili.

Nesi Mstaafu:
Marahaba. Ianze hiyo.

Msomali wa Ohio:
Mimi niko Columbus huku Marekani na nikisoma huu uzi natamani kurudi. Huku mambo kinyume kabisa. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2019, watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya huku waliwaweka watu 20 ndani mwezi mzima, wiki mbili wanapewa vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, wale kadri wanavyotaka. Wakila vya kiwandani walikuwa wanazidisha kama kalori 500 kwa siku bila kujijua. Sasa sikiliza gharama, viambato vya vyakula vya kiwandani vya wiki walikadiria dola 106, vya kawaida dola 151. Kwa hiyo ukiwa huku na mshahara mdogo umekwisha, chipsi na soda ndio rafiki zako, mboga mbichi ni anasa. Bongo fungu la matembele linauzwa bei ya pipi mbili tatu halafu mnakimbilia vya paketi kwa sababu vina picha nzuri. Inaniuma.

Mpishi Mkali:
Usijidanganye kaka, hata huku inabadilika. Ngoja mvua za masika zikate barabara uone nyanya zinavyopanda, ile sado utanunua kwa machozi. Soseji haijui masika.

Msomali wa Ohio:
Kweli, hilo la masika nimelisahau, miaka kumi sasa.

Kijana wa Feri:
Mimi niongelee samaki tu maana ndio kazi yangu. Minofu ya supamaketi umelipia friji, plastiki na kiyoyozi. Wewe uko Kariakoo, Feri kwenye soko la samaki ni pua na mdomo. Siku unayowahi kazini pita alfajiri, usiulize changu wala kolekole, ulizia vibua, na ukija na wenzio wawili nunueni fungu la mnadani mgawane, mkinunua kwa wachuuzi wa nje mmeshaongezewa. Wapo wa kukuparia hapo hapo. Tatizo lako utaweka wapi mpaka jioni, kwa hiyo mimi nakushauri dagaa. Dagaa unamla na mifupa yake, hapo kuna kalsiamu ya watoto, na wakikauka vizuri wanakaa. Osha kwa maji ya moto mara mbili, mchanga na chumvi vipungue, hasa kama mzee ana presha.

Mama wa Dona:
Mie niseme la dona kwa sababu mzee wa Stereo amelitupia tu. Dona ni mahindi yamesagwa na pumba na kiini, ndio maana linashibisha na lina faida kuliko sembe, ila kile kiini kina mafuta, ukinunua gunia zima litachacha. Saga kidogo kidogo. Na mahindi yachague, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi usiseme nitayachanganya, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu. Hiyo haiondoki ukipika. Mtu akikuuzia bei ya kutupa muulize yalihifadhiwa wapi.

Bonge la Bwana:
Sasa mkisema hivyo si bora sembe ya paketi

Mama wa Dona:
Sembe ya paketi na yenyewe imetokana na mahindi, Bonge. Kuchagua mahindi ni kuchagua mahindi.

Dada wa Buguruni:
Kitu kingine hakuna aliyesema. Dada ulisema unakopa dukani, nahisi unanunua vya kupima. Mimi nilijichunguza, mafuta ya kupima ya mia tano mia tano lita moja ilikuwa inanifikia elfu nane, kidumu cha lita tano nachukua elfu thelathini, yaani elfu sita kwa lita. Sukari ya robo hivyo hivyo, mchele hivyo hivyo. Sisi wa hali ya chini tunanunua chakula ghali kuliko wa Masaki, ila kwa vipande vidogo hatuoni. Sisi majirani watatu tunachanga mwisho wa mwezi, debe la maharage, kidumu, mchele kilo ishirini na tano, tunagawana kwa mizani. Mara ya kwanza tuligombana kuhusu mizani ila tukapatana.

Mama Chamazi:
Hii ya kupima imenigusa. Kila jioni mafuta ya mia tano, kila jioni. Nimeona aibu.

Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili kutoa mrejesho. Tumechanga na jirani mmoja tu, wa pili kagoma. Asubuhi sasa ni viazi vitamu au magimbi, mdogo wangu ndiye anachemsha, mara mbili ameunguza. Usiku choroko za nazi, dagaa, siku moja moja mayai. Maandazi tumeyabakiza Jumamosi tu. Baba watoto soda imebaki Jumapili, ananung'unika. Mwanangu mkubwa mchicha anauchungulia tu anausogeza pembeni, nikaukatakata ndani ya choroko kala bila kujua. Tambi za paketi bado tunakula mara moja kwa wiki, nisiwadanganye, siku ya kufunga hesabu dukani naingia ndani saa tatu.

Leo tarehe 16 na nina elfu sabini na nne mkononi. Presha wataipima Ijumaa.

Nesi Mstaafu:
Vizuri mwanangu. Ijumaa asinywe kahawa wala asivute kabla ya kupimwa, akae dakika tano kwanza atulie. Uje utuambie.

Mzee wa Stereo:
Na machungwa ya Muheza yakianza kushuka nitakushtua, msimu ule usinunue juisi ya boksi hata kwa bahati mbaya.

Mama Chamazi:
Sawa mzee. Swali la mwisho, maharage ya Jumapili ya kula siku hiyo hiyo kwa watu watano niloweke kiasi gani?

Dada wa Buguruni:
Nusu kilo. Loweka Jumamosi usiku, na funika, panya wa Chamazi nawajua.