Naomba ushauri: adabu za kupanda daladala Mbeya mjini na kosta za Tukuyu

MgeniWaUyole
Habari zenu wakuu. Nahamia Uyole kikazi, natokea Dodoma. Ofisi iko Mbalizi, kwa hiyo asubuhi na jioni ni daladala, na mwisho wa wiki nitakuwa napanda kosta za Tukuyu nikiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nauli nitazijua hukohuko. Ninachouliza ni yale yanayofanya watu wanune garini: mzigo uwekwe wapi, dirisha ni la nani, chenji, mtoto, na nani anampisha nani kiti. Wenyeji nisaidieni.

SikiLaMlango
Karibu Green City dada. Nianze na kiti, maana kiti ulichokalia ndicho kinachoamua una wajibu gani.

Kosta nyingi zina viti vya kukunja katikati ya njia. Ukikalia hicho, wewe ni mlango wa wote walio nyuma yako. Mtu akisema anashuka, usipinde magoti pembeni ukidhani atapenya, hatapenya. Atakukanyaga na mzigo wake utakupiga usoni. Simama, kunja kiti, shuka hadi chini, mpishe, kisha rudini kwa mpangilio: wa nyuma kabisa anatangulia, wa karibu na mlango anaingia mwisho. Akiwahi kukaa wa mlangoni, mtanyanyuka tena wote, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Upande wa pili, kama unashukia karibu, tuseme Uyole hadi Kabwe, usikimbilie dirishani siti ya mwisho. Utanyanyua watu watano kwa safari fupi. Kaa mbele, wa Mbalizi waende nyuma.

Kushuka: sema kabla ya kituo, siyo mkiwa mmeshafika. "Kabwe ipo!" inatosha, kwa sauti ya kumfikia konda. Ukichelewa, suka anakanyaga breki ghafla na waliosimama wanaangukia waliokaa. Halafu watakulaumu wewe, siyo suka.

Chenji_Kwanza
Kwenye hela nyoosha mambo mapema. Una noti ya elfu kumi? Mwambie konda unapoipeleka: "Konda, elfu kumi hiyo, mmoja, Mafiati." Jirani zako wanasikia, na huo ndio ushahidi wako. Noti ikipita mikononi mwa watu, itaje kiasi tena unapompa wa mbele yako.

Shida kubwa ni kuunganishiwa chenji: konda anawapa watu wawili noti moja mkagawane. Kama hamshukii pamoja, kataa palepale kwa upole: "Mimi nashuka kabla yake, nipe yangu." Ukikubali, ulizeni abiria wenzenu chenji gari likiwa linatembea. Kukimbizana kituoni kutafuta duka la kuchenji kunamchelewesha yule ambaye gari lake linaondoka.

MamaWaMbeleko
Kuhusu mtoto. Mshushe mgongoni kabla hujapanda, umweke kifuani. Mbeleko ikibaki mgongoni, kichwa chake kinagonga fremu ya mlango ukiinama, na ukikaa unamkandamiza. Ukimpakata halipiwi, akikalia siti analipiwa. Usimkalishe siti ya bure halafu ubishane watu wakisimama. Mvue viatu au uvishike kwa kiganja, maana miguu ya mtoto aliyepakatwa inaishia kwenye nguo za jirani.

Na msalimie jirani yako ukikaa. Mzee apewe shikamoo yake, inatosha. Huna haja ya kusalimia gari zima.

SikiLaMlango
Mama umenikumbusha begi. Ukiwa umekaa na mwenzako amesimama na mzigo, hasa mwanafunzi, mwambie "lete nikushikie". Unauweka mapajani, hauweki sakafuni, wala huufungui hata simu iliyomo ikiita. Ukiwa wewe umesimama, begi la mgongoni livae mbele. Likibaki nyuma, kila ukigeuka linampiga mtu kichwani.

Kupisha kiti: mjamzito, mzee, mwenye mtoto, mgonjwa. Nyanyuka kwanza, ndipo umwite. Ukiuliza "nikupishe?" wengi watakataa kwa aibu.

NdooYenyeMfuniko
Njia ya Tukuyu hadi Kyela ina mizigo ya aina yake. Mkungu wa ndizi mbichi unatoa utomvu pale ulipokatwa, na ukikaukia kwenye nguo hautoki kwa sabuni. Funga kikonyo kwa majani makavu ya mgomba au gazeti, na uende kwenye keria au buti, siyo miguuni pa watu. Samaki wa Kyela wawe kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa salfeti unavuja maji yake hadi siti ya mbele. Kuku afungwe miguu, akae ndani ya tenga. Petroli ndani ya gari, hapana, hata kama konda amekubali.

Bei ya mzigo ikubaliwe kabla haujapandishwa. Ukishafungwa juu huna sauti tena.

Mkoti_Julai
Dirisha: anayelishika ni aliyekaa kando yake, lakini upepo unampiga wa siti ya nyuma, kwa hiyo muulize huyo. Juni na Julai watu hufunga yote kwa baridi, hewa inakuwa nzito, mmoja anatapika, wengine wanafuata. Dawa ni vidirisha viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, upana wa vidole viwili tu.

Simu tumia spika za masikioni, usiwape watu wote mahubiri au muziki wako. Mwenzako akipiga kwa sauti, mwambie "kaka naomba upunguze kidogo". Asipotaka mwachie konda.

MgeniWaUyole
Asanteni sana. Mtoto huwa anatapika kwenye kona. Nifanyeje nisiwachafue watu?

MamaWaMbeleko
Kaeni mbele, siti za nyuma ya tairi hurusha zaidi. Asishibe maziwa muda mfupi kabla ya safari, mpe kidogo kidogo. Ile mifuko ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 inavuja, usiitegemee. Beba kopo lenye mfuniko wa kubana, kopo kubwa la siagi linafaa, na ndani weka kitambaa kikavu ili yasiruke. Beba pia kanga ya ziada ya kutandaza mapajani na chupa ya maji. Usimtoe kichwa dirishani: ni hatari, na matapishi yanarudi kwa upepo kwenye madirisha ya nyuma. Kopo unalimwaga kwenye choo cha stendi mkifika.

NdooYenyeMfuniko
Na konda mwambie mapema kwamba mtoto anatapika. Wengi watakupa siti ya mbele bila kubisha, maana anayesafisha gari jioni ni yeye.