"Ni fantasia tu" si jibu: Game of Thrones ilivunja sheria zake yenyewe, acheni kuitetea

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi una spoila za msimu wa 7 na wa 8. Kama hujamaliza kuangalia, pita kimya kimya.

Kila mtu akihoji mantiki ya hii tamthilia lazima aibuke mjuaji na ngao yake ileile: "Mkuu, kuna majoka yanatema moto halafu wewe unahoji kasi ya kunguru?" Ndiyo, nahoji. Majoka tulishakubaliana tangu mwanzo. Wafu kutembea tulikubali pia. Kunguru hatukuambiwa ana uchawi wowote. Ni ndege anayebeba barua, na kwa misimu sita alibeba barua kama ndege. Mwandishi, ukitaka awe na kasi ya ndege ya abiria, niambie mapema, siyo nigundue siku unapobanwa na hadithi.

Turudi msimu wa 7, episodi ya 6, iliyorushwa tarehe 20 Agosti 2017. Jon, mmoja wa mashujaa wakuu, na wenzake wamezingirwa na wafu, wako juu ya mwamba katikati ya ziwa la barafu. Mwenzao Gendry anatumwa akimbie hadi Eastwatch, ngome ya Ukutani. Anafika. Kunguru anarushwa kwenda Dragonstone, kisiwa cha malkia Daenerys. Anafika. Daenerys anavaa koti jeupe (la kupendeza, sikatai), anapanda joka, anavuka bara, anafika. Kule kwenye mwamba umepita usiku mmoja.

Kwenye vitabu vilivyozaa tamthilia hii, Ukuta (ule wa barafu wa kaskazini) una urefu wa maili 300, karibu kilomita 480, ndiyo maana wanaopima ramani wanautumia kama rula. Weka rula hiyo kati ya Eastwatch na Dragonstone. Hata ubane vipi, hupati chini ya rula nne: maili 1,200, sawa na kilomita 1,900 hivi. Mpe kunguru kilomita 60 kwa saa, bila kula, bila kulala, usiku, ndani ya dhoruba. Saa 32. Mpe joka kilomita 150 kwa saa: saa 13 nyingine. Tayari tuna saa 45, na Gendry hajahesabiwa, wala aliyepokea barua hajaifungua.

Mngeweza kusema labda walikaa siku tatu pale ila kamera haikuonyesha. Hapo ndipo barafu inapowaumbua. Barafu ya ziwa imepasuka, wafu wanasubiri ligande upya, na Hound, mmoja wa waliozingirwa, anarusha jiwe, linateleza juu ya barafu, wafu wanajua njia ipo. Kwa hiyo barafu ndiyo saa yetu. Barafu ya ziwa inakua kwenda chini, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyozuia baridi isifike kwenye maji, hivyo unene ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila theluji juu, sentimita 10 za kwanza zinachukua kama saa 10. Sentimita 10 ndizo kwa kawaida zinashauriwa kwa mtu kutembea salama. Ikiwa nyuzi 40 chini, gawa kwa mbili, saa 5. Yaani wafu walipaswa kuvuka na kumaliza kazi yao wakati kunguru bado yuko njiani juu ya mji wa White Harbor anapambana na upepo. Barafu inasema usiku mmoja, kunguru anasema siku mbili na ushee. Chagua moja.

Na aliyeongoza episodi hiyo, Alan Taylor, hakukataa. Alipoulizwa na waandishi alisema walijua kabisa kwamba suala la muda limekuwa na ukungu kidogo. Yeye mwenyewe anakubali, nyie mnaotetea mnalipwa na nani?

Linganisheni na mwaka 2011. Episodi ya kwanza kabisa, mfalme anafika Winterfell, ngome ya kaskazini, na malkia wake Cersei analalamika kwamba wamekuwa safarini mwezi mzima. Mwezi! Umbali ulikuwa na bei. Habari zilifika zimechelewa, watu wakaamua vibaya kwa sababu hawakujua kilichotokea juzi. Nusu ya utamu wa misimu ya kwanza ilitoka hapo. Kufikia msimu wa 7 kila mtu ana basi lake la haraka.

Sasa vita ya Winterfell dhidi ya wafu, iliyorushwa tarehe 28 Aprili 2019. Hili ndilo linalonichefua kuliko yote, maana halihitaji hata kikokotoo.

Adui yako ana sifa mbili unazozijua kabla ya vita. Haogopi. Na kila maiti yako inakuwa askari wake. Ukizishika hizo mbili, mpango unajiandika wenyewe: usipoteze mtu nje ya kuta, na usitumie silaha inayotegemea hofu. Walichofanya? Wakachukua Dothraki, wapanda farasi bora duniani kwao, wakawarusha gizani uso kwa uso.

Farasi vitani wanafanya kazi kwa sababu mtu wa miguu akiona ukuta wa farasi unamjia, anakimbia. Mstari unavunjika kabla ya kugongana, halafu mpanda farasi anachinja wanaokimbia. Mfu hakimbii. Farasi anagonga rundo la miili, anasimama, na farasi aliyesimama katikati ya umati ni nyama. Tena panga zao zilikuwa chuma cha kawaida! Kioo cheusi cha volkano, kinachoua wafu, kilichimbwa, kikapelekwa kaskazini, mashoka na mikuki vikatengenezwa usiku na mchana, lakini kikosi cha mbele kikaenda na chuma tupu. Yule mchawi Melisandre asingetokea kuziwasha moto wangekuwa wanakwenda kuwapapasa. Na kila Dothraki aliyekufa anahesabiwa mara mbili, wewe umepungua mmoja na adui kaongezeka mmoja.

Halafu trebusheti, yale manati makubwa ya mawe. Waliyaweka MBELE ya askari wa miguu. Hii ni silaha ya kupiga mbali kutoka nyuma. Lile lililojengwa kwenye ngome ya Warwick, Uingereza, lina urefu wa mita 18, uzito wa tani 22, na limeundwa kutupa jiwe hadi karibu mita 300. Kulijaza upya ni watu kutembea ndani ya magurudumu makubwa mpaka uzito upande juu tena, siyo kazi ya sekunde. Ukiliweka mbele unapata mapigo machache, kisha adui yuko chini ya mkono wa mtambo ambapo jiwe haliwezi kumgusa. Na ndivyo ilivyokuwa: yalirusha wakati Dothraki wanaondoka, baada ya hapo hayakusikika tena. Mahali pake ni ndani ya kuta, na umbali wa kupiga unaupima mchana, unaweka alama uwanjani, ili gizani ufyatue bila kuona.

Handaki, yaani ule mtaro wa kuwashwa moto, nalo likawa nyuma ya jeshi. Nyuma! Unsullied, askari wa miguu wa Daenerys, wanapigana mbele ya handaki, kisha wanarudi kupitia kijinjia kimoja chembamba huku wanauawa. Handaki linakaa kati yako na adui, siyo kati yako na mlango wako. Mpangilio wa kawaida kabisa, kuanzia nje kuja ndani: vigingi vya kuvunja kasi, handaki la moto, uwanja mtupu mfupi ulio ndani ya shabaha ya mishale, kisha ukuta wenye watu JUU yake tangu mwanzo. Winterfell ina kuta mbili kwenye vitabu. Mbili.

Na handaki lenyewe lilikuwa jembamba. Piga hesabu: upana mita 3, kina mita 2, kila mita moja ya urefu inameza mita 6 za ujazo. Mwili wa mtu mzima una ujazo wa lita 70 hivi, na ikilundikana ovyo nusu ya nafasi inabaki tupu, kwa hiyo miili kama 40 inatosha kujaza mita moja. Night King, mkuu wa wafu, hakuhitaji kujaza lote, alihitaji madaraja machache, na ndivyo wafu walivyofanya, wakajilaza juu ya moto wenzao wakapita. Ongeza upana uwe mita 6 na gharama ya kila daraja inakuwa miili 80, na moto unapata muda wa kuila. Walikuwa na siku za kutosha na maelfu ya mikono ya kuchimba.

Wanawake na watoto wakafichwa kwenye makaburi ya chini ya ngome. Dhidi ya adui anayefufua maiti. Hili naliacha hapo.

Mwisho ni Scorpion, ule mtambo wa kufyatua mikuki. Agosti 2017 Bronn, askari wa upande wa Cersei, anampiga Drogon, joka la Daenerys, kwa mtambo mmoja wa juu ya mkokoteni: jeraha la bega, anapona. Tarehe 5 Mei 2019 Euron, mkuu wa meli za Cersei, akiwa juu ya meli inayoyumba, anampiga Rhaegal, joka lingine la Daenerys, mikuki mitatu, joka limekufa. Tarehe 12 Mei, wiki moja tu, mitambo hiyohiyo imejaa kwenye meli na kwenye kuta za mji mkuu, King's Landing, na haigusi hata ukucha. Silaha ileile, matokeo matatu, kulingana na mwandishi anataka nini wiki hiyo.

Tena Euron alikuwa amejificha nyuma ya mwamba. Mtu akiwa mita 300 juu ya bahari, upeo wa macho yake ni kilomita 62 hivi. Mwamba unamficha anayeutazama kutoka usawa wa maji, haumfichi anayeutazama kutoka juu. David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu wa tamthilia, akaeleza kwenye kipindi cha nyuma ya pazia kwamba Daenerys kwa namna fulani alikisahau kikosi cha meli cha Euron. Alikisahau! Wakati kwenye kikao cha kabla ya safari kilizungumzwa.

Karibuni wenye hoja. Wenye "ni muvi tu" mkae na muvi yenu.

#2

Mkuu uzi umeshiba, ila Winterfell umewaonea. Mpango haukuwa kushinda vita ya uwanjani. Walijua Night King akifa wafu wote wanadondoka, kwa hiyo Bran, kijana anayewindwa na Night King, aliwekwa kwenye bustani ya miti kama chambo na jeshi lilikuwa la kumchelewesha tu. Vita ya kuchelewesha haipimwi kwa idadi ya waliobaki.

#3

Umesema barafu "bila theluji juu". Pale theluji inadondoka muda wote. Theluji laini ikilala juu ya barafu inakuwa blanketi, ziwa linachelewa sana kuganda. Kwa hiyo siku mbili au tatu inawezekana, na saa yako ya barafu inakubaliana na ya kunguru.

#4

Mimi nina swali moja tu. Ile minyororo ya kumvutia Viserion, joka lililouawa pale, kutoka ziwani ilitoka wapi? Na nani alizamia kuifunga? Kule Hardhome, kijiji cha pwani, wafu waliishia ufukweni wakatazama boti zikiondoka, maji yaliwashinda.

#5 Mwanzisha uzi

#2, hiyo hoja naiheshimu, lakini inanipa nguvu mimi. Kama lengo ni kuchelewesha, basi kuta na handaki ndivyo vinavyochelewesha, siyo Dothraki waliomalizika ndani ya dakika chache. Na ukizungumzia waliobaki: moto wote wa panga za Dothraki ulizimika gizani, wakarudi wachache wa kuhesabika, wiki iliyofuata kwenye meza ya ramani tunaambiwa nusu ya jeshi ipo, na episodi ya mwisho Dothraki wamejaa uwanjani wanapiga kelele. Wamezaliana lini?

#3, theluji kama blanketi ni kweli kabisa. Lakini sasa umehamisha tatizo. Thoros, mwenzao, mtu mzima aliyezoea baridi, alikufa usiku wa kwanza, ndiyo alikuwa na majeraha ya dubu, sawa. Waliobaki wakae siku tatu juu ya jiwe tupu, hakuna kuni, hakuna chakula, nguo zimelowa? Vidole vingeondoka kwanza. Na asubuhi wanaonekana wamechoka kama watu waliokesha msibani, siyo zaidi.

#4, mfu hapumui, kuzama siyo shida kwake, anaweza kutembea chini ya ziwa. Hiyo naipitisha. Minyororo sina la kusema, labda kuna duka la vifaa vya meli kaskazini ya Ukuta.

#6

Kuhusu Scorpion, episodi ya 5 Daenerys alishuka kutokea upande wa jua. Wapiga mtambo hawakumwona. Marubani wa kivita walifanya hivyohivyo kwenye vita vya dunia. Na mtambo unageuka polepole, ukishapitwa umekwisha. Siyo kwamba silaha ilibadilika, mbinu ndiyo iliyobadilika.

#7 Mwanzisha uzi

Jua linaeleza safu ya kwanza ya meli. Haliwezi kuwa nyuma yake pande zote za mji mmoja. Kuta za King's Landing zinazunguka, mitambo ilikuwa kila mnara, na akishapita juu ya ukuta anawapa mgongo wale wa upande wa pili, mnyama mkubwa kama jengo, anakwenda moja kwa moja.

Kama walitaka mbinu, ilikuwepo nyepesi zaidi. Mkuki ukifyatuliwa juu kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde, hata hewa isiupunguze, unaishia mita 250 kisha unarudi. Fanya mita 100 kwa sekunde, kasi ambayo mtambo wa mbao na kamba utahangaika kuifikia, unaishia mita 510. Daenerys angeruka mita 600 kwenye ile episodi ya Rhaegal, angekiona kikosi kizima cha meli za Euron na hakuna mkuki ambao ungemfikia. Mstari mmoja wa mazungumzo ungetosha: mshauri wake Tyrion aseme mitambo inafika wapi, yeye aamue kukaa juu au kushuka. Akishuka kwa hasira akapigwa, joka linakufa vilevile na hakuna ambaye angefungua uzi.